Hakuna Taa Bila Kitambaa

 

Mwezi wa Ramadhan ukiingia, Nakuru hubadilika sura. Maduka huanza kutundika taa za rangi, nyingine za umbo la mwezi mwandamo na nyota, nyingine za mfano wa fanusi za Kimisri. Nyingi zimetoka China kwa makontena. Na siku hizi, ukipita kwenye maonyesho ya kazi za mikono, utaona pia taa zilizovishwa kitenge, kanga, katani au sufi. Ukiiwasha, maua ya kitambaa yanajitokeza ukutani, na chumba kizima kinapoa macho. Watu husema, "Aah, hii ni fashoni mpya ya vijana."

Hebu tusiende mbio. Je, ni mpya kweli? Tukifungua historia tutaona kwamba kitambaa na taa ni ndugu wa zamani sana. Kioo kilikuja baadaye, bati likaja baadaye, waya wa stima ndio kitinda mimba. Lakini uzi ulikuwapo tangu mwanzo. Makala haya yanafuata safari ya uzi huo mpaka hapa kwetu bondeni, kisha tujiulize swali moja ambalo vijana wa Nakuru hawana budi kulijibu.

UTAMBI

Chukua bakuli la mafuta ya simsim au ya nazi, ulitie kiberiti. Hayawaki ng'o, utamaliza njiti zote. Sasa tia kipande cha pamba kilichosokotwa, ukiache kichwa kinje kidogo, ukiwashe. Papo hapo una taa. Kwa nini? Kwa sababu katikati ya nyuzi za pamba mna vijia vyembamba sana, na mafuta hupanda ndani ya vijia hivyo yenyewe bila kusukumwa. Yakifika juu yanapata joto, yanageuka mvuke, na ule mvuke ndio unaowaka. Utambi wenyewe haumaliziki upesi kwa kuwa mafuta yanaupoza. Kwa hiyo chombo ni cha kushikia tu. Kazi yenyewe yafanywa na kitambaa.

Misikiti yetu ilimulikwa hivyo kwa karne nyingi. Katika Sunan Ibn Majah imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba wa kwanza kuweka taa misikitini alikuwa Tamim ad-Dari, sahaba ambaye asili yake ni Palestina, nchi ya mizeituni na mafuta yake. Na katika Sunan Abu Dawud kuna habari ya Maymuna, mtumishi wa Mtume (s.a.w.), aliyeuliza kuhusu Baytul Maqdis akaambiwa aende akaswali huko, na asiyeweza kufika basi apeleke mafuta ya kuwashia taa zake. Wanavyuoni wamezijadili sanadi za riwaya hizi, na hilo tuwaachie wenye elimu yao. Sisi tunachokiona kihistoria ni kwamba tangu zamani taa ya msikiti ilihesabiwa kuwa ni mchango wa watu: huyu alete mafuta, yule alete kamba ya kutundikia, mwingine asokote utambi.

Kisha, yapata mwaka wa 14 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) akawakusanya watu nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab, kwa swala ya Tarawehe. Hapo haja ya mwanga ikazidi, kwani swala ya usiku ya watu wengi si sawa na ya mtu mmoja nyumbani kwake.

Karne ya 13 na ya 14 Miladia, mafundi wa Misri na Sham chini ya watawala wa Kimamluki walitengeneza taa za kioo za misikiti ambazo hadi leo ni fahari ya makumbusho ya dunia. Nyingi ziliandikwa kwa rangi ya kuchomwa maneno ya Aya ya 35 ya Suratun Nur, ile inayotaja taa ndani ya kioo. Watu husifu kioo na mwandiko, na ni haki yao kusifiwa. Lakini ndani ya kila moja ya taa zile palikuwa na kitu ambacho hakuna makumbusho yaliyokiweka: utambi. Uliungua, ukabadilishwa, ukaungua tena. Aliyeusokota hana jina.

TAA YAPANDA BARA

Pwani yetu ilikuwa na vibatari vya mafuta ya nazi na simsim. Mambo yalibadilika pale dunia ilipogundua mafuta ya taa. Mkanada Abraham Gesner alionyesha namna ya kuyatengeneza mwaka 1846, na baada ya kisima cha Pennsylvania, Marekani, kuchimbwa mwaka 1859, yakaanza kusambaa kwa meli hadi bandari za kwetu. Yalikuja ndani ya mikebe mikubwa ya bati ya galoni 4. Mkebe ule ndio debe! Mkulima wa Rongai anayepima mahindi kwa debe leo anatumia kipimo kilichozaliwa na taa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa 1901 ikagusa Ziwa Viktoria. Pamoja na reli wakaja Wahindi mafundi na wenye maduka, Waswahili, Wanubi na Wasomali, na mitaa kama Bondeni ikapata sauti ya adhana. Na treni ilikuwa ikileta vitu viwili ambavyo duka lolote la bara halikukosa: mafuta ya taa na nguo. Kanga zilikuwa zimekwisha shika pwani. Nyumba ya biashara ya Mombasa inayojulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla" ilianza mwaka 1887. Basi kwenye kaunta moja ungekuta kanga zimekunjwa, kando yake utambi unauzwa kwa kukatwa na makasi kama utepe. Mwenye duka hakuona ajabu, vyote ni pamba.

Utambi ule bapa na wa mviringo nao una historia yake. Mwaka 1780 Aimé Argand, mtu wa Geneva, alifuma utambi wa duara kama mkono wa shati, hewa ikawa inapita ndani na nje ya moto. Mwanga ukaongezeka maradufu na moshi ukapungua. Tazama jambo hilo: taa iliboreshwa kwa kubadilisha mfumo wa kitambaa.

Maskini naye hakukosa lake. Fundi wa jua kali alichukua mkebe mtupu, akautoboa kifuniko, akapitisha kitambaa kuukuu au kipande cha blanketi. Hiyo ndiyo koroboi. Wangapi leo ni walimu, madaktari na mahakimu waliosomea chini ya koroboi, pua zikiwa nyeusi kwa masizi asubuhi? Tusiipambe kupita kiasi lakini. Koroboi iliumiza vifua vya mama na watoto, na ilipopinduka iliteketeza nyumba.

SOKSI YA KARABAI

Sasa tufike kwenye taa ambayo wazee wetu wakiitaja hutabasamu: karabai. Ilipowashwa kwenye harusi au kwenye mkesha, mtaa mzima ulijua. Ilikuwa na pampu, ilikuwa na mlio wake wa "shhhh", na katikati yake kilining'inia kifuko cheupe cha kitambaa, kama soksi ya mtoto mchanga.

Kifuko kile ni kazi ya mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1885, lakini mwanga ulikuwa wa kijani na kifuko kilivunjika upesi, biashara ikaanguka. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliofaulu: thoriamu sehemu 99 na seriamu sehemu 1. Alifuma kifuko cha pamba, akakilowesha katika chumvi za madini hayo, akakikausha. Ukikiwasha mara ya kwanza, pamba yote inaungua. Kinachobaki ni mifupa ya jivu yenye umbo lilelile la mfumo wa kitambaa, kila tundu mahali pake. Mvuke wa mafuta ukiwaka humo, jivu lile hupata joto kali mno na kutoa nuru nyeupe ya kushangaza.

Ndiyo maana wazee walikuwa wakali: "Usiiguse! Usiitikise!" Ukigusa kwa kidole tu, imekuwa unga, na usiku umekwisha. Mwaka 1910 Mjerumani Max Graetz akaunganisha kifuko hicho na taa ya mafuta ya kupampu, jina lake Petromax, na taa za namna hiyo zikatapakaa duniani, Afrika Mashariki ikiwamo. Baadaye viwanda vingi viliacha thoriamu kwa kuwa ina mnururisho, vikatumia itriamu.

Tafakari kidogo, ndugu yangu. Kwenye utambi, kitambaa kilipandisha mafuta. Kwenye karabai, kitambaa kiliungua mara moja tu, na umbo lake ndilo lililomulika harusi za miaka yote ile.

TAA YAZAA NGUO

"Sawa," utasema, "lakini balbu ya stima haina kitambaa." Subiri kwanza.

Mwezi Oktoba 1879, Thomas Edison na wasaidizi wake huko Marekani walifanikiwa kuwasha balbu kwa saa kadhaa mfululizo. Ndani yake kulikuwa na nini? Uzi wa pamba wa kushonea, uliochomwa ukawa kaa. Ndiyo, uzi uleule ulio kwenye cherehani ya fundi wako. Upande wa Uingereza, Joseph Swan naye alikuwa akitumia uzi wa pamba uliotiwa tindikali.

Swan akataka uzi ulio laini zaidi, usio na kasoro, ili balbu isikatike. Akayeyusha maada ya pamba kwa kemikali, akaikamua kwenye tundu dogo, ukatoka uzi unaong'aa kama hariri. Alikuwa anatafuta taa, akapata nguo! Mkewe alizifuma baadhi ya nyuzi hizo kuwa vitambaa vidogo vya mapambo, na mwaka 1885 vikaonyeshwa London kuwa ni hariri ya bandia. Wengine waliendeleza njia hiyo na nyingine, na mwaka 1892 Waingereza wakapata hataza ya viskosi. Dada zetu, mtandio wa viskosi mnaovaa kwenda Tarawehe una undugu na balbu ya taa. Na viwanda vya soksi za karabai navyo vikaja kutumia hariri hiyo ya bandia badala ya pamba. Mtoto akarudi kumsaidia mama.

STIMA NA BONDE LETU

Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922, na mwaka 1983 ikabadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Bonde letu la Ufa lina heshima ya pekee katika habari hii. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kutoa megawati 15. Mwaka 2023 Menengai nayo, mlima unaotazama mji wetu, ikaanza kupeleka umeme kwenye gridi kwa mtambo wa megawati 35. Yaani moto ulio chini ya miguu yetu unamulika Nairobi na Mombasa.

Hata hivyo mafuta ya taa hayakuondoka upesi. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba karibu nyumba 7 katika kila 10 nchini zilikuwa bado zinamulikwa kwa koroboi au taa ya chemni. Kisha mambo yakaenda mbio: sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu zikaingia kuanzia 2012, mradi wa serikali wa kusambaza stima hadi vijijini ukaja 2015, na mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa lita ukawekwa juu ya mafuta ya taa ili kuzuia wanaoyachanganya na dizeli. Sensa ya 2019 ikakuta nusu ya nyumba zinatumia stima na karibu moja ya tano zinatumia sola. Katika miaka 10 tu, utambi ulioishi maelfu ya miaka ukaanza kutoweka. Hatukuuaga hata kidogo! Tunaukumbuka siku kama ile ya Agosti 2023 giza lilipoikumba nchi nzima, kila mtu akawa anatafuta mshumaa, ambao nao katikati yake ni uzi wa pamba.

KITAMBAA CHATOKA NJE YA MOTO

Basi kitambaa kikaenda wapi? Kilihama. Zamani kilikuwa ndani ya moto. Stima ilipokuja kikatoka nje, kikawa kifuniko. Mwanga wa balbu tupu unachoma macho na unafanya chumba kionekane kama stoo. Kitambaa kinauchuja na kuupa rangi.

Lakini kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa na hatari. Balbu ya zamani ya waya hutumia sehemu kubwa ya umeme wake, zaidi ya 90 katika 100, kutoa joto badala ya mwanga. Ukiifunika kanga kwa karibu, itaungua. Balbu za LED ndizo zilizobadilisha hesabu. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kubuni LED ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiyo iliyowezesha LED nyeupe. Joto lake ni dogo, hivyo fundi anaweza kutumia kitambaa chembamba, sufi, hata karatasi. Kwa hiyo taa za kitambaa tunazoziona leo si fashoni iliyodondoka tu. Ni undugu wa zamani uliopata nafasi mpya.

Wenzetu wa Cairo wameliona hilo. Karibu na lango la Bab Zuwayla kuna mtaa wa al-Khayamiya, mtaa wa washona mahema, ambao wanaume wake hushona nakshi za vitambaa vya rangi kwa mkono tangu karne na karne. Wateja wa mahema walipopungua, kazi yao ikageukia mapambo ya ukutani na mito, na nakshi zao zikaingia hata kwenye mapambo ya Ramadhan, fanusi zikiwamo. Hawakungoja mgeni awaletee sura ya Ramadhan yao.

SWALI KWETU

Novemba 2021 Nakuru iliingizwa na UNESCO katika mtandao wa miji bunifu ya dunia, upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi, mji wa kwanza wa Kenya kupata nafasi hiyo. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Desemba, tukapewa hati ya jiji. Tulishangilia, na ilifaa. Lakini jina la jiji la kazi za mikono halilishi mtu kama mikono yenyewe imelala, na taa ya Ramadhan inayoning'inia sebuleni mwetu imetoka ng'ambo.

Je, tunakosa vifaa? Hebu tuhesabu. Katani iko Mogotio, mwendo mfupi kutoka mjini, mashamba kwa mashamba. Sufi ya kondoo iko Njoro na Molo. Pale Njoro, kikundi cha Kenana Knitters tangu 1998 kimekuwa kikiwapa akina mama wa vijijini kazi ya kusokota sufi kwa mkono, kuipaka rangi za mimea na kuifuma. Kanga na kitenge vipo kila duka. Mafundi wa bati na waya wapo jua kali, ambao baba zao walitengeneza koroboi. Mafundi cherehani wamejaa. Na stima, tumekwisha sema, inachemka chini ya miguu yetu.

Tuwe wakweli pia kuhusu uchungu wake. Jirani zetu wa Eldoret walijenga kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 1976. Mitumba na nguo za nje zilipofunguliwa mlango, viwanda vya nguo nchini vikaanguka kimoja baada ya kingine, na Rivatex nacho kikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikafunguliwa upya kwa mashine mpya. Funzo ni kwamba kazi ya uzi ikifa haifufuki kwa maneno. Inachukua miaka na pesa nyingi. Taa ni kitu kidogo kuliko kiwanda: fremu ya waya, nusu mita ya kitambaa, soketi na balbu ya LED. Kijana anaweza kuanzia mezani kwao. Ila afuate kanuni: asitumie balbu ya waya, aache nafasi kati ya balbu na kitambaa, na nyaya zifungwe na mwenye kuijua stima. Taa ya mapambo ikichoma nyumba si pambo tena.

Na kabla ya kukata kitambaa, tuanze na jambo jepesi. Baada ya futari, muulize babu au bibi yako: nyumbani kwenu mliwasha nini? Utambi mliupata wapi? Nani mtaani alikuwa fundi wa karabai? Andika majibu kwenye daftari. Kama ipo karabai kuukuu darini, usiiuze kwa wanunua vyuma kwa bei ya kilo. Ifute vumbi, uiweke waione wadogo. Atakayebuni taa ya Nakuru kesho atahitaji kuijua taa ya Nakuru ya jana, la sivyo atabaki kuiga ya Cairo na ya China.

Wazee wetu walichanga mafuta, kamba na nyuzi, misikiti ikang'aa. Zamu yetu imefika, na uzi bado upo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, azitie nuru nyumba zetu na kazi za mikono yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.